Maji ya Bwawa la Bi Asumini

Kila ninayekutana naye hapa Mkomaindo mjini Masasi ananiuliza swali lile lile: "Mama Sharifa, huko bondeni kulikuwaje mbona umerudi umenuna?" Nimesimulia bombani, nimesimulia gengeni, nimesimulia mashineni tukisubiri kusagiwa, na kila nikisimulia kuna mtu anachomoka katikati kwenda kuangalia mboga yake isiungue, halafu kesho yake anatembeza nusu aliyoisikia na nusu aliyoitunga. Juzi nimesikia eti nilimpiga mjomba wangu. Sikumpiga. Laiti ningempiga! Kwa hiyo naandika, msome yote, mpeane, na atakayeniuliza tena nitamwambia nenda kasome.

Kilichonipeleka mnakijua. Mwanangu Sharifa nilimpeleka kwa mama yangu baada ya mavuno ya mpunga, maana mimi na baba yake tulikuwa tunahangaika na kibanda cha chipsi, na bondeni mtoto anashiba. Niseme alikuwa anashiba. Mama anakaa chini ya mlima wa Newala, karibu na Mto Ruvuma, pembeni ya bwawa tunaloliita Bwawa la Bi Asumini. Bi Asumini ni bibi yake mama. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama: bwawa na majaruba ya mpunga yalikuwa ya Bi Asumini, yakaenda kwa bibi yangu, sasa yako kwa mama na kaka yake. Masika Ruvuma inafurika, inaingia bwawani. Kambale wanaingia nayo, wanataga kwenye matete. Mto ukirudi kwao, bwawa linabaki na samaki, tope linatua, maji yanatakata hadi unaona vidole vya miguu. Mimi nimekua kwa maji hayo, na nina afya kuliko nyie mnaokunywa ya bomba.

Basi mama akanipigia. Hakunisalimia. Alisema, "Njoo umchukue mtoto. Maji yamekufa."

Nikamwambia maji hayafi. Akasema, "Njoo uyaone maiti." Simu ikakatika.

Stendi ya Masasi: kusubiri salfa

Nilifika stendi mapema kwa sababu mimi ni mjinga, bado naamini gari likisema linaondoka asubuhi litaondoka asubuhi. Kosta ilikuwa imejaa, lakini haikujaa watu, ilijaa salfa. Mnajua msimu huu, mikorosho inatoa maua, kila mkulima anawahi kupuliza kabla ubwiriunga, ule ukungu mweupe, haujala maua yake. Mifuko ilipangwa njiani katikati ya viti, chini ya viti, na mmoja uliopasuka uliwekwa pale pa kukanyagia. Ukipanda, unapanda na unga wa njano hadi magotini.

"Konda," nikamwambia, "tunasafiri sisi au inasafiri salfa?"

"Dada, bila salfa hakuna korosho. Bila korosho wewe nauli utaitoa wapi? Kaa hapo."

Nikakaa juu ya mfuko. Pembeni yangu alikuwa mama mnene mwenye matenga matupu yaliyopachikana, na kila akipiga chafya matenga yanaruka. Huyo ndiye Mama Fidelis, ambaye wengi wenu mnamjua kwa sura: ndiye anayeuza kambale wakavu sokoni kwetu. Mimi nilikuwa simjui. Aliniuliza natoka wapi kwa asili, nikasema Newala bondeni, Mmakonde.

"Ehee! Mtani wangu!" akanipiga begani. Yeye ni Mmakua wa hapa Masasi. "Kumbe ni nyie! Mlimaliza panya huko mlimani, mkaona haitoshi, mkashuka kunimalizia kambale wangu. Mwaka huu nimeshuka bondeni nikarudi na matenga yananing'inia kama matiti ya bibi kizee."

"Na nyie Wamakua mlivuka Ruvuma mkifuata nini, kama si chakula cha wenzenu?"

"Sote tulivuka, mla panya wee. Ila sisi tulivuka tukijua kuogelea."

Watu wakacheka, wakapiga chafya, na hapo ndipo dereva akaonekana, anatafuna mswaki.

Mlimani: rejeta na ming'oko

Gari lilipoanza kupanda mlima likaanza kukohoa kama sisi. Likasimama. Rejeta imechemka. Tukashuka, tukapanga mistari kivulini mwa gari lenyewe, maana pale kulikuwa hakuna kivuli kingine, kila mti umeshageuka mkaa.

Akina mama wa kijiji cha karibu walikuja mbio na mabakuli ya ming'oko, viazi vya porini, ya kuchemsha. Nilikula na chumvi, vidole vyangu vya njano, ming'oko nayo ikawa na ladha ya kiberiti. Dereva akawaomba maji ya rejeta. Mmoja akamwangalia kama vile ameomba kuoa binti yake.

"Ming'oko tunauza," akasema. "Maji hatuuzi wala hatutoi."

"Mama, ndoo moja tu."

"Ndoo moja? Wewe umeichota wapi ukajua kuna ndoo moja tu?"

Na yuko sahihi. Huku juu maji ni ya mvua, unayakinga batini, unayafungia kwa kufuli. Mtoto wa huku juu akimwaga kikombe anachapwa. Mwishowe konda akatukusanyia chupa zetu abiria, akamimina maji yetu ya kunywa kwenye rejeta, tukasafiri na kiu mpaka Newala. Kumbukeni jambo hili la watu wa juu na maji yao. Mimi lilinichoma baadaye.

Newala: kwa mjomba

Hakuna kupita Newala kwenda bondeni bila kumsalimu mjomba. Mjomba wangu Hashimu ni kaka mkubwa wa mama, ndiye mkubwa wa ukoo. Yeye ndiye aliyenicheza unyago, kwa maana ya kugharimia, na ndiye aliyepokea posa yangu. Mpwa hamnyooshei mjomba kidole. Hata mama yangu, dada yake wa tumbo moja, akiongea naye anaangalia chini.

Nilimkuta barazani na kofia yake nyeupe ya mkono, ile ambayo haivui labda akilala.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu! Mama Sharifa! Mbona umekuja wa njano?"

"Salfa, mjomba."

"Rangi ya neema hiyo." Akacheka. Akaniambia Jumamosi wanamtoa mwali wa ukoo, mtoto wa mama mdogo, na lazima nirudi juu na mama yangu kwa ajili ya sherehe. Mkaza mjomba, mkewe, akaleta ugali wa muhogo na mbaazi. Nikanawa, nikala, nikangoja ashibe, kisha nikasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba mama anasema maji ya bwawani yameharibika.

"Dada yangu amezeeka kabla ya wakati," akasema. "Maji yamepungua, hayajaharibika. Nimepanda mikorosho pale. Miche ya kisasa, ukiiona utalia."

"Bwawani, mjomba?"

"Kandokando. Tumefyeka yale matete. Mizizi ya mikorosho ikawa inasimama majini, miche ikageuka njano, nikachimba mfereji, maji yaende zake mtoni. Si mto una njaa ya maji?"

"Lakini mjomba, lile ni bwawa."

"Ardhi isiyo na mkorosho ni pori, Hawa." Alitumia jina langu la utotoni. Ujue ukiitwa hivyo mjadala umefungwa. "Na unadhani nampandia nani? Wanangu wana wajomba zao, watarithi huko. Nikifa, mikorosho ile ni yenu. Ni yako wewe na huyo Sharifa. Mimi nimejitoa jasho kwa ajili ya tumbo la dada yangu."

Nilibaki na tonge mkononi. Nilitaka kusema maneno ambayo hata nyie hamjawahi kunisikia nikiyasema. Mkaza mjomba akanikanyaga mguu chini ya mkeka. "Kula, mama," akasema. Nikala.

Shimo la Mungu: kushuka

Asubuhi nikaenda Shimo la Mungu, pale ukingoni mlima unapokatika na bonde zima la Ruvuma linalala chini yako hadi Msumbiji. Nikiwa mtoto, ukisimama pale uliona mabwawa yanang'aa kama vioo vilivyomwagwa kwenye majani mabichi. Nilitafuta vioo vyetu. Niliona mistari. Mistari ya mikorosho, imenyooka kama nywele zilizosukwa, na miteremko ya mlima imenyolewa kwa ajili ya ufuta, udongo mwekundu umechanika makorongo yanayotiririka hadi chini.

Kulikuwa na mwalimu mmoja, kwa lafudhi mtu wa kaskazini, kahamishiwa Newala, anapiga picha kwa simu. Akaniomba nimpige na yeye. Nikampiga.

"Mandhari haya!" akasema. "Na kilimo kimepangika, siyo kama kwetu. Watu wa huku kumbe mmeendelea."

"Unaona kile kidoa chekundu kule?"

"Naona. Kizuri, kinaleta rangi."

"Hilo ni bwawa la bibi yangu."

"Hongera sana," akasema, na akanipa mkono. Nilimpa, masikini. Hakuwa na kosa. Alidhani namwonyesha mali.

Bodaboda alinishusha kwa kubana breki hadi zikanuka. Katikati ya mteremko njia ilikuwa imekatwa na korongo ambalo mwaka jana halikuwepo, tukashuka, tukaibeba pikipiki kama jeneza. Chini, mchanga ukatushinda. Nikamalizia kwa miguu, viatu mkononi, nikiwatukana watu kimoyomoyo mmoja mmoja kwa majina.

Bondeni

Harufu ndiyo iliyonipokea. Harufu ya njiti za kiberiti na samaki wa jana.

Sharifa alikuja mbio uchi wa mgongo, akanirukia, na mikono yangu ikagusa vipele. Miguuni, mapajani, tumboni, vingine vimepasuka vinatoa maji. Tumbo limevimba gumu. Na bado anacheka, ananivuta. "Mama, njoo uone samaki wangu wamelala."

Mabibi na wenzangu, nilienda kuona samaki waliolala.

Bwawa lile nililokuwa naogea lilikuwa dimbwi la chai ya maziwa. Nusu yake haipo, ni tope lililopasuka vigae, na juu ya tope miche ya mjomba imesimama. Matete yote yamefyekwa. Upande wa mtoni mfereji, umechimbwa vizuri, kazi safi, unakamua maji mchana na usiku. Upande wa mlimani udongo mwekundu umeshuka na mvua ya mwaka huu, maana hakuna mti wa kuuzuia juu wala tete la kuukamata chini, umejaa hadi kwenye majaruba ya mama. Na pembeni ya kilichobaki walikuwa wanaume wawili, vibarua, wameweka mashine za kupulizia mikorosho ndani ya maji, wanazisuuza. Maji yanayotoka kwenye tangi la mashine meupe kama maziwa. Kambale wadogo walikuwa ukingoni, tumbo juu, mwanangu amewapanga mstari na kuwafunika majani kama shuka.

"Nyie!" nikapiga kelele. "Mnaosha sumu kwenye maji ya kunywa?"

Mmoja akavua kofia, kwa adabu kabisa. "Shikamoo dada. Tumeambiwa tuoshe vizuri, dawa ikigandia mashine inaziba."

"Mmeambiwa na nani?"

Wakaangaliana. "Na mzee Hashimu. Si mjomba wako?"

"Na kwa nini msioshee huko kwake juu?"

Yule wa pili akanishangaa kweli. "Dada, juu si hakuna maji?"

Hapo ndipo lile la ming'oko liliponichoma. Juu wanakunyima hata maji ya rejeta, wanayafungia kwa kufuli. Wakishuka huku, kwa kuwa maji yamelala wazi hayana bati wala kufuli, wanaona si maji ya mtu.

Mama nilimkuta anachuja ndoo kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Majirani wanamwita Mama Hawa, na siku zote amekuwa mwanamke wa kucheka. Hakucheka.

"Mama, unayanywa haya?"

"Nachuja, nachemsha. Yanabaki na uchungu kidogo. Mtoni ni mbali, na mamba wameongezeka maana na wao samaki wamewaishia. Wiki ile Mama Zainabu amechota, mamba akaondoka na ndoo. Ameshukuru Mungu, akarudi na mkono."

Nikamwambia tunafunga vitu, anakuja kukaa kwangu Masasi, sasa hivi.

"Nikakae kwa mkwe? Nimwombe mkwe wangu chumvi? Nikohoe, asikie?" Akakamua kanga. "Hawa, mimi namwogopa mkwe kuliko mamba. Mchukue mtoto. Mimi bwawa la bibi yangu siliachi lifie peke yake."

"Basi mwambie kaka yako!"

"Nimwambie nini? Amesema anawapandia ninyi."

Nilikaa chini nikalia kwa hasira. Si machozi ya huzuni, msije mkanitangazia. Hasira. Uovu ule umefanywa kwa jina langu, kwa tumbo la mama yangu, na sisi wawili ndio tusio na ruhusa ya kufungua mdomo.

Jioni ya siku hiyo, jua halijazama, akatokea Mama Fidelis na matenga yake. Alikuwa amezunguka vitongoji vyote vya bondeni kutafuta samaki. Ndani ya tenga mlikuwa na perege wachache wa saizi ya kijiko. Alisimama ukingoni mwa bwawa muda mrefu, kwa mara ya kwanza hana utani.

"Hapa ndipo nilipokuwa najaza," akasema. "Nani kafanya?"

Nikamwambia. Na kwa nini hatusemi, nikamwambia pia.

Akachukua chupa yake ya maji, akamwaga yaliyomo, akachuchumaa akaijaza maji ya bwawa hadi shingoni.

"Wewe ni mpwa, huna mdomo," akasema, anafunga kifuniko. "Mama yako ni dada mdogo, hana mdomo. Mimi ni mtani. Mimi nina midomo miwili. Hiyo sherehe ya mwali ni Jumamosi?"

Kupanda tena: sherehe ya mwali

Tulipanda sote, mama, mimi, Sharifa mgongoni, na Mama Fidelis amekumbatia chupa kama mtoto mchanga. Bodaboda alitaka kunywa, akachapwa mkono.

Kwa mjomba kulikuwa kumefungwa turubai, ngoma zinalia, pilau inanukia hadi barabarani. Mwali wetu alitolewa mchana, kichwa chini, kanga mpya, mafuta yanang'aa mabegani, akina mama wanaruka kama hawana magoti. Mjomba alikaa kwenye kiti mbele ya wote, kofia nyeupe, bwana sherehe. Nitasema ukweli: alipendeza, na hilo likanichukiza zaidi.

Hapo Mama Fidelis akaingia. Mnajua mtani akiingia shughulini. Alifunua sufuria, akala nyama kubwa kuliko zote, akamwambia mpishi chumvi imepotea njia. Akamsogelea mjomba, akamkalia pajani, watu wakaangua kicheko, na kabla hajajua kinachoendelea akamvua kofia, akaivaa juu ya kilemba chake.

"Lipa! Lipa!" wakapiga kelele. Ndiyo desturi, mtani akichukua kitu kinakombolewa kwa anachotaka, na mwenye mali hana ruhusa ya kukasirika.

Mjomba alicheka kuliko wote, kipara kinang'aa. "Haya, Mmakua, sema bei yako. Kuku?"

"Kuku wako anakula salfa. Sitaki."

"Korosho basi."

"Zitanikohoza. Mimi sitaki kitu chako, mla panya. Nataka nikupe." Akatoa glasi, akatoa chupa, akamimina. Maji ya chai ya maziwa yalijaa glasi, unga mweupe unazunguka ndani. Akaiweka juu ya stuli mbele yake. "Kunywa hii, kofia yako hii hapa."

"Maji gani hayo?"

"Ya kwenu. Ya bwawa la bibi yako."

Kicheko kikapungua kidogo. Mjomba akatabasamu. "Si tope tu la mlimani? Maji mazuri hayo, yametibuka kidogo."

"Tope halijaua mtu. Kunywa."

"Nimefunga leo."

"Umefunga na wali ndevuni?"

Watu wakapasuka mbavu. Mjomba akajipangusa ndevu, akasema atakunywa baadaye, akasema ana vidonda vya tumbo, akasema hili na lile, na Mama Fidelis anamjibu neno kwa neno, na mimi nimesimama nyuma nimeuma kanga, nawaza watacheka hivi hivi hadi ngoma iishe, kesho kila mtu aende kwake na mfereji uendelee kukamua.

Sikumwona Sharifa. Alikuwa amekula pilau na pilipili, ana kiu. Kwake yeye maji ya rangi ile si ajabu, ndiyo maji aliyokuwa akipewa tangu mavuno. Akapita katikati ya miguu ya watu, akafika kwenye stuli.

"Maji ya bibi," akasema, akaikamata glasi kwa mikono miwili, akaipeleka mdomoni.

Mjomba aliruka kutoka kitini. "Weka chini! Usinywe hayo!" Akaipiga glasi ikatoka mikononi mwa mtoto, ikabingirika mchangani, maji yakamwagika hadi miguuni mwa mwali.

Ngoma ikasita. Mtoto akaanza kulia. Hakuna aliyecheka.

Mama Fidelis hakupaza sauti. "Kumbe unajua," akasema.

Na kutoka katikati ya akina mama, bila kunyanyua macho, mama yangu akasema, "Kaka, mimi nayanywa."

Wenzangu, mimi nimesoma hadi kidato cha nne, nimeandika insha nyingi, sijawahi kuona maneno matatu yakifanya kazi kama yale. Mjomba alisimama kichwa wazi mbele ya ukoo wake wote. Akamwangalia Sharifa, akaviona vile vipele, nadhani kwa mara ya kwanza.

"Nitaziba," akasema.

"Utaziba nini?" akauliza Mama Fidelis. "Masikio?"

"Mfereji. Nitauziba."

"Na mashine zako utaoshea wapi?"

Hapo ndipo alipohangaika. Akageuka kutazama tangi lake la mvua kule nyuma ya nyumba, lenye kufuli. Kila mtu aligeuka kulitazama. Ilimchukua muda mrefu kuliko ahadi ya kuziba mfereji.

"Hapa," akasema. "Nitaoshea hapa kwangu."

"Tumesikia wote. Ngoma ipigwe." Mama Fidelis akaiweka kofia sawa kichwani pake. "Lakini hii naondoka nayo, mtani. Hujanywa. Siku bwawa likitakata utachota glasi moja, utakunywa mbele yangu, nitakuvisha mwenyewe kwa mikono yangu."

Mkaza mjomba ndiye aliyepiga kigelegele cha kwanza. Mjomba alimkata jicho, naye akapiga cha pili.

Kurudi Masasi

Njia ya kurudi haikuwa na jambo, isipokuwa Mama Fidelis alivaa kofia ile safari nzima, na konda akamwita shehe mpaka tukafika.

Sharifa nilimpeleka hospitali. Wamempa dawa ya kupaka na ya tumbo, wakaniambia nisimrudishe kwenye maji yale. Vipele vinakauka. Anaamka anauliza lini anarudi kuwaamsha samaki wake.

Mama amepiga simu. Mfereji umezibwa kweli, viroba vya mchanga, mjomba alisimamia mwenyewe. Mtu asije akanipongeza. Miche bado imesimama palepale matete yalipokuwa. Mlima bado una kipara. Na wiki iliyopita mama amewaona tena wale vibarua bwawani na mashine, safari hii wakati wa adhuhuri watu wakiwa ndani. Yeye bado yuko kule, anachota Ruvuma pamoja na wenzake, mmoja anachota, mwingine anapiga debe kufukuza mamba.

Mjomba naye amenipigia. Hakuuliza hali ya mtoto. Alisema, "Hawa, mwambie mtani wako anirudishie kofia. Ijumaa naenda msikitini watu wananiangalia kichwa."

"Nunua nyingine, mjomba."

"Haiwezekani. Unajua haiwezekani, mpaka niikomboe ile ile."

"Basi oshea mashine zako kwenye tangi lako kama ulivyosema."

Ni mara yangu ya kwanza maishani kumjibu mjomba hivyo, na mbingu haikuanguka. "Tangi limefika nusu," akasema kwa sauti ndogo. "Mvua bado mbali."

"Na bwawa pia, mjomba. Mvua bado mbali." Nikakata simu mimi, siyo chaji.

Kwa hiyo mkipita sokoni kwenye meza ya Mama Fidelis, mkaona kofia nyeupe ya mkono imetundikwa kwenye msumari juu ya matenga matupu, msiulize bei. Haiuzwi. Masika Ruvuma itafurika, itaingia bwawani kama inavyoingia kila mwaka, halafu tutaona kilichobaki kama kinaweza kutakata. Kofia anayo Mama Fidelis. Glasi niliiokota mchangani, ninayo mimi, nimeiosha na kuifunika.